Baba wa babu alikuwa Mjerumani wa Shume: nianzie wapi kumtafuta?

SWALI

Shikamoo mzee. Naishi Tanga, nina watoto watatu. Babu yangu mzaa mama alizaliwa Mlalo, Lushoto, mwaka 1913. Mama yake alikuwa Msambaa, baba yake Mjerumani aliyefanya kazi kwenye mashine ya mbao kule Shume. Wazee walimwita Bwana Maya, wengine Karli Maya. Vita ilipofika Usambara alichukuliwa na Waingereza na hakuonekana tena. Babu alifariki 1994. Mama yangu yupo, ana miaka 74. Tumebakiwa na picha moja yenye maandishi nyuma, nimekutumia pande zote mbili. Nataka kuujua ukoo wake, na Mungu akijalia niende Ujerumani nikawaone ndugu waliobaki. Kuna mtu ananiambia nikithibitisha tu, napata na pasi ya Ujerumani. Nianzie wapi?

JIBU

Marahaba mwanangu. Nianze na ile picha, maana imebeba zaidi ya ulivyodhani.

Nyuma ya karatasi yake ngumu kuna chapa ya studio, na chini ya jina la mpiga picha pamechapwa Löbau i. Sa. Hiyo ni Löbau ya Saxony, mji mdogo mashariki kabisa mwa Ujerumani, jirani na mipaka ya Poland na Cheki. Chini ya chapa mtu ameandika kwa wino: Shume, 12. 9ber 1912. Wewe umesoma Septemba. Ni Novemba. Makarani wa zamani wa Kijerumani waliandika 7ber kwa Septemba, 8ber kwa Oktoba, 9ber kwa Novemba na Xber kwa Desemba, wakifuata hesabu ya Kirumi ambayo mwaka wake ulianza Machi. Babu alizaliwa 1913, kwa hiyo sasa unayo karatasi inayomweka mtu huyu Shume majira yale yale. Kifupisho hiki utakutana nacho tena kwenye madaftari ya kanisa, basi kizoee.

Ila usikimbilie kusema kwamba alizaliwa Löbau. Vijana wa vijijini walikwenda mjini kupiga picha ya kuagana kabla ya kupanda meli, na kuizunguka Löbau kuna vijiji vingi sana. Chapa imekupunguzia nchi nzima ikawa wilaya moja, na hiyo ni bahati ambayo wengi wanaoniandikia hawana. Kilichobaki ni kupata jina la kijiji.

Nalisisitiza hili kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Ujerumani haina daftari moja la taifa zima la waliozaliwa na waliokufa, na haijawahi kuwa nalo. Kila kitu kimelala pale kilipotokea: ofisi ya msajili ya mji ule, kanisa la kijiji kile. Ukiandikia Berlin ukisema unamtafuta Karl Meyer, ni sawa na mtu wa huko kuja Tanga akiuliza nyumbani kwa Juma. Tena huyo Maya wako anaweza kuwa Meyer, Meier, Maier au Mayer, na Karl anaweza kuwa Carl kwenye karatasi moja na Karl kwenye nyingine, mtu yule yule. Jina la ukoo peke yake halikufikishi popote. Jina la kijiji likipatikana, mengine yanafunguka.

Na kijiji hicho, amini usiamini, kuna uwezekano mkubwa ukakipata ukiwa hapa hapa, bila kupanda ndege.

Anza na mama. Hatuandikii mate na wino upo. Kaa naye, washa simu irekodi, lakini usimuulize "Bwana Maya alikuwa nani", maana atakupa ile hadithi aliyokwisha kuisimulia mara nyingi. Muulize vitu vidogo. Babu alisema baba yake alikuwa fundi wa nini: misumeno, injini, au ile kamba ya chuma iliyoteremsha magogo kutoka juu hadi stesheni ya Mkumbara? Alikuwa Mlutheri au Mkatoliki? Rafiki yake Mzungu alikuwa nani? Nani alimpeleka mtoto kubatizwa? Majibu ya namna hii ndiyo yanayofungua majalada.

Halafu kuna jambo nimeliona kwenye barua yako. Umemtaja Mjerumani kwa majina mawili, ila mama yake babu hukumpa hata moja. Umesema tu ni Msambaa. Mtafute yeye kwanza. Mtoto wa namna hii aliandikwa kwa mama yake, na ukienda kanisani na jina la Karl Meyer peke yake unaweza kufungua kurasa zote usione kitu, ilhali mtoto yumo chini ya jina la bibi huyo. Yeye pia ni ukoo wako, na watu wake pengine wako Mlalo mpaka leo.

Ujue pia mazingira yalivyokuwa. Mwaka 1906 serikali ya kikoloni ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilizuia ndoa kati ya Wajerumani na Waafrika. Hata kabla ya hapo hali ilikuwa ngumu: Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin, alimwoa Bertha Hilske mwaka 1904, na mwaka uliofuata walipofika Dar es Salaam mkewe hakuruhusiwa kushuka naye. Kwa hiyo usitarajie cheti cha ndoa cha bibi na Bwana Maya. Uhusiano wao ulikuwaje, kwa hiari au kwa nguvu ya bwana juu ya mtu asiyeweza kukataa, karatasi hazitakuambia. Masimulizi ya upande wa bibi huenda yakakuambia, nawe uwe tayari kuyasikia.

Sasa kanisa. Mlalo ilikuwa misheni ya Kijerumani tangu 1891, nao waliiita Hohenfriedeberg. Leo ni usharika wa KKKT, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Nenda na barua ya mchungaji wako wa Tanga, uombe kuona daftari la ubatizo la 1913 na 1914. Madaftari ya wakati ule yana safu: namba, siku ya kuzaliwa, siku ya ubatizo, jina, wazazi, wadhamini, mchungaji. Safu ya baba wakati mwingine ina jina kamili, wakati mwingine imeandikwa Mzungu tu, wakati mwingine ni mstari mtupu. Usikate tamaa ukiona mstari. Angalia wadhamini wa ubatizo, safu ambayo watu huiruka. Mwajiri, fundi mwenzake au mke wa mmisionari akiwa pale, umepata mtu mwingine wa kumfuata. Kama Mlalo hakuna kitu, jaribu Mtae, na kwa Wakatoliki jaribu Gare. Na ikiwa daftari halipo, usharika ukasema lilikwenda na wamisionari, fahamu kwamba misheni hii ilikuja kuwa ya Bethel, shirika la misheni la Kijerumani, na nyaraka za Bethel zipo Ujerumani, kwenye miji ya Bielefeld na Wuppertal. Wanajibu barua.

Baada ya kanisa, Dar es Salaam. Nyaraka za Taifa pale Upanga wana kumbukumbu za utawala wa Kijerumani, zenye alama ya G. Mwaka 1997 UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Humo mna mashamba, kesi, kampuni, mirathi ya Wazungu waliofia huku, barua za mabwana shauri. Ila ukiomba jalada la Lushoto utaambiwa hakuna. Omba Wilhelmstal, ndilo jina la Lushoto la wakati ule. Shume ya mashine ya mbao iliitwa Neu-Hornow, na kampuni yenyewe ilikuwa Wilkins & Wiese. Andika majina haya kwenye daftari lako kabla hujapanda basi. (Wasomaji wengine wenye asili ya Kusini: Tukuyu ilikuwa Neu-Langenburg, Kasanga ilikuwa Bismarckburg.) Majalada ni ya Kijerumani na mengi ni ya mkono, lakini kutafuta jina Meyer kwenye orodha ya wafanyakazi hakuhitaji ujue lugha.

Kuna magazeti pia. Deutsch-Ostafrikanische Zeitung la Dar es Salaam na Usambara-Post la huko kwenu yamewekwa kwenye intaneti na Maktaba ya Serikali ya Berlin, bure. Yalipenda kuandika nani kashuka na meli gani, nani kapanda. Herufi zake ni zile za kizamani ambazo s ndefu inafanana na f, kwa hiyo usiamini kisanduku cha kutafutia peke yake. Pitia kwa macho miezi ya karibu na Novemba 1912.

Lakini kama ningekuwa wewe, ningeweka nguvu kwenye ile sentensi ya kwamba alichukuliwa na Waingereza. Usambara iliingia mikononi mwao katikati ya 1916. Wanaume wa Kijerumani waliokamatwa walisafirishwa, wengi wao hadi kambi ya Ahmednagar, India. Na mtu akishakuwa mfungwa wa vita, habari zake zilipelekwa kwa Shirika la Msalaba Mwekundu, Geneva. Kadi zile za 1914 hadi 1918, za wanajeshi na raia, zipo wazi kwenye tovuti yao na hulipii chochote. Kazi yake ni ya kuchosha: unachagua uraia, unachagua alfabeti, unapekua kadi moja moja kwa macho. Meyer ni wengi mno. Ila ukimpata aliyetokea Afrika Mashariki, kadi yake ina namba, na namba hiyo inakupeleka kwenye ukurasa wa orodha ya kambi. Kwenye orodha hizo mara nyingi kuna siku na mahali pa kuzaliwa, pamoja na anwani ya ndugu wa karibu. Ukiona hapo kijiji cha upande wa Löbau, simama kwanza ushangilie.

Njia nyingine ya kijiji ni orodha za abiria wa Hamburg, 1850 hadi 1934. Meli za Deutsche Ost-Afrika-Linie ziling'oa nanga Hamburg, na karani aliandika kazi ya abiria na mahali alipokuwa akiishi mara ya mwisho. Hizi zipo kwenye tovuti ya Ancestry, ambayo ni ya kulipia. Ngoja mpaka uwe na mambo kadhaa ya kutafuta, ulipie mwezi mmoja, umalize yote.

Tuseme kijiji kimepatikana. Kabla ya kuandika barua yoyote, kiingize kwenye Meyers Gazetteer, kamusi ya mahali pote pa Dola ya Ujerumani kama palivyokuwa karibu na 1912. Ipo bure kwenye intaneti. Itakuonyesha kijiji kiliandikisha watu wake ofisi gani na kanisa liko wapi. Saxony ilianza usajili wa kiserikali tarehe 1 Januari 1876, kama sehemu nyingi za Dola ile. Prussia walianza Oktoba 1874. Kabla ya hapo ni vitabu vya kanisa tu.

Sheria ya Ujerumani inafunga daftari la kuzaliwa kwa miaka 110, la ndoa kwa miaka 80, la vifo kwa miaka 30. Ikishapita, madaftari yanahamia kwenye hifadhi ya nyaraka ya mji na yeyote anaweza kuomba. Mtu aliyekuwa fundi Shume mwaka 1912 alizaliwa mapema mno kufungwa na miaka 110. Kwa hiyo huna haja ya kuthibitisha undugu ili upate nakala yake. Kwako hili ni jambo kubwa, kwa sababu undugu wenyewe ndio usioweza kuuthibitisha kwa karatasi. Chini ya sheria yao ya kiraia iliyoanza mwaka 1900, mtoto wa nje ya ndoa na baba yake hawakuhesabiwa kuwa ndugu kabisa, na kifungu hicho kilidumu mpaka 1970. Usishangae basi ukimya wa karatasi za upande ule.

Ukiomba nakala, omba ukurasa mzima pamoja na pembezoni. Hili naliomba kwa herufi kubwa kila nikiandika kwao. Kwenye daftari la kuzaliwa la Kijerumani, pembeni mwa maandishi, waliandika baadaye alipooa na alipofia, pamoja na namba ya kumbukumbu na jina la ofisi, hasa kwa waliofariki baada ya 1938. Mstari mmoja wa muhuri pale pembeni unaweza kukuokolea mwaka wa kutafuta, kwa sababu unakupeleka moja kwa moja kwenye cheti cha kifo. Na cheti cha kifo kina aliyetoa taarifa: binti, mkwe, jirani, na mara nyingi anapokaa. Huyo ndiye daraja lako kwenda kwa walio hai.

Maandishi yatakuwa ya Kurrent, mwandiko wa mkono ambao hata Wajerumani vijana hawausomi. Herufi e, n na m zinafanana kama milima midogo iliyoshikana, na u hutofautishwa na kikonyo juu yake. Kuna programu ya Transkribus inayosoma mwandiko huu. Inakosea majina, ila inakupa pa kushika. Vikundi vya wapenda nasaba wa Kijerumani nao husomeana bure, na hawapendi kuombwa kurasa ishirini kwa mpigo. Tuma moja, shukuru, subiri.

Kuwapata walio hai ni kugumu kuliko kuwapata wafu. Watoto aliowazaa Ujerumani miaka ya 1920, kama wapo, vyeti vyao bado vimefungwa. Kumbuka pia Löbau ilikuwa Ujerumani Mashariki mpaka 1990. Watu wengi walikimbilia magharibi kabla ya ukuta wa Berlin wa 1961, na ukoo unaweza kuwa umegawanyika. Njia ninazoziamini ni mbili. Ya kwanza ni ofisi ya kanisa ya kijiji pamoja na chama cha historia ya mahali. Karibu kila kijiji kina mzee mmoja anayejua nani mtoto wa nani. Ya pili ni ofisi ya usajili wa wakazi: ukiwa na jina kamili na tarehe ya kuzaliwa au anwani ya zamani inayomtambulisha mtu mmoja tu, wanaweza kukupa anwani yake ya sasa kwa ada ndogo. Matangazo ya misiba kwenye magazeti ya mkoa nayo husaidia, kwa kuwa hutaja wafiwa na miji yao.

Vipimo vya vinasaba? Ndiyo, lakini apimwe mama, siyo wewe. Yeye ni mjukuu, amebeba takriban robo ya vinasaba vya Bwana Maya. Wewe ni thumuni tu. Mjukuu wa Bwana Maya aliyezaliwa Ujerumani kwa mke mwingine angelingana na mama kwa asilimia sita hivi, kiasi ambacho hakiwezi kuwa bahati mbaya. Tatizo ni kwamba Wajerumani hawapimi sana. Wengi watakaojitokeza watakuwa Wamarekani wenye mababu waliohamia huko karne ya 19. Usiwadharau, wana miti ya ukoo mirefu na huenda mmoja akataja kile kijiji. Tanzania ina sheria ya vinasaba ya mwaka 2009 inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, basi waulize kwanza kabla ya kutuma mate ya mama nje ya nchi. Na mama mwenyewe aridhie akijua kwamba jibu linaweza kusema baba wa babu alikuwa Mzungu mwingine kabisa. Nimeona familia zikigawanyika kwa karatasi ya namna hiyo.

Kuhusu pasi nitasema wazi. Huyo anayekuahidi anakudanganya, au hajui. Kwa sheria ya uraia iliyokuwapo babu alipozaliwa, mtoto wa nje ya ndoa alifuata uraia wa mama. Baba Mjerumani asiyeoa hakumrithisha mtoto uraia moja kwa moja mpaka tarehe 1 Julai 1993. Mabadiliko ya 2021 yamewafungulia mlango watu waliozaliwa baada ya tarehe 23 Mei 1949 kwa baba Mjerumani asiyemwoa mama yao, pamoja na wazao wao. Babu wa 1913 hayumo. Usimlipe mtu hata shilingi kwa ahadi hiyo. Na jambo hili litakusaidia utakapoandika barua, nami hapo ndipo ninapotaka utulie.

Barua ya kwanza ndiyo inayoamua kila kitu. Iandike kwenye karatasi, iende kwa posta, kwa Kijerumani kilichonyooka. Goethe-Institut Dar es Salaam utapata mwalimu wa kukutafsiria. Usimtumie mtu ujumbe wa Facebook usiku ukimwita "ndugu yangu wa damu". Mjerumani wa makamo akipata ujumbe kutoka kwa asiyemjua, Afrika, unaotaja undugu, jambo la kwanza linalomjia ni utapeli. Tumia mwanzo wa heshima, mwite kwa jina la ukoo, usimwite binamu. Ukurasa mmoja unatosha. Sema wewe ni nani na kazi yako. Sema unafanya utafiti wa familia, na kwamba Karl Meyer wa kijiji fulani alifanya kazi Shume mpaka 1916. Sema, bila kuzungukazunguka wala kulaumu, kwamba kwa masimulizi ya familia yako alikuwa baba wa babu yako. Weka nakala ya picha mbele na nyuma, na nakala ya ukurasa wa ubatizo. Kisha sema usichokitaka: pesa, mirathi, uraia. Uliza swali moja jepesi, kwa mfano kama wanayo picha nyingine ya mtu huyu ya kulinganisha. Swali la picha linajibika hata na mtu ambaye hajaamua kama anakuamini.

Halafu ngoja. Miezi mitatu siyo mingi. Fikiria kinachotokea upande wa pili: mtu amekua akijua babu yake alikuwa Afrika kabla ya vita, kuna albamu darini, na sasa anaambiwa kulikuwa na mtoto. Wengine hufurahi wakajibu siku ile ile na picha kumi. Wengine hukaa kimya kwa aibu ya ukoloni, au kwa sababu bibi mzee bado yu hai na hawataki ajue. Ukiandika mara ya pili, iwe fupi, na iwe ya mwisho kwa mtu huyo. Mwandikie mwingine wa ukoo huo huo. Hakuna sheria inayowalazimisha kukupokea.

Wakikukaribisha, panga safari ya kujitegemea. Viza ya Schengen ya matembezi ni ya siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, bima ya afya ya safari iwe ya angalau yuro 30,000, na maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Ubalozi unataka kuona kwamba utarudi: kazi, biashara, watoto, benki. Kuna hati ambayo mwenyeji hujaza kwenye ofisi ya wageni ya mji wake akijifunga kisheria kulipa gharama zako zote, hata za kurudishwa nyumbani. Usiiombe kwa watu ambao hamjawahi kuonana. Onyesha pesa zako, weka hoteli ndogo Löbau, uombe barua ya mwaliko ya kawaida tu. Treni ya kutoka Dresden kwenda Görlitz inasimama hapo.

Siku ya kwanza watakualika saa tisa au saa kumi alasiri kwa kahawa na keki. Ukiambiwa saa tisa na nusu, bonyeza kengele saa tisa na nusu. Ukifika kumi kasoro robo utakuwa umeanza vibaya. Vua viatu ukiona wenyewe wamevua. Saa mbili zinatosha, kisha aga, hata kama mazungumzo ni matamu. Watakuita tena kesho. Wapelekee kahawa au chai ya Usambara na khanga, na makombe ya baharini yaache nyumbani, forodha haitaki mchezo. Beba picha za babu akiwa mtu mzima, akiwa na wajukuu, na ujumbe wa mama uliourekodi kwenye simu. Watu hawa watautazama uso wa babu wakitafuta pua ya mtu wao. Waache watazame.

Utataka kuona kaburi, najua. Jiandae. Kule kaburi hukodishwa, kwa kawaida miaka 20 hadi 30, na familia isipolipia tena jiwe huondolewa na mahali hapo huzikwa mtu mwingine. Hawaoni kuwa ni kumdharau maiti, ndivyo makaburi yao yanavyoendeshwa. Kama Bwana Maya alifariki miaka ya 1950, uwezekano ni mkubwa kwamba kaburi halipo. Andikia ofisi ya makaburi kabla ya kusafiri, wana ramani na daftari, wanaweza kukuonyesha alipolazwa hata kama pana mwingine sasa. Ukibakiwa na siku, panda basi uende Herrnhut, si mbali na Löbau: ndiko walikotoka Wamoraviani waliofika Rungwe mwaka 1891, na hifadhi yao ya nyaraka ina picha za nchi yetu za wakati ule.

Hayo ya safari bado yako mbali. Mwezi huu mrekodi mama, pata jina la mama yake babu, nenda Mlalo. Ukikuta ukurasa, upige picha wote kuanzia kona hadi kona, pembezoni pakiwemo, kisha upige na ukurasa unaotangulia pamoja na unaofuata, maana mchungaji aliyechelewa kuandika aliandika palipokuwa na nafasi. Nitumie zote, hata usizoweza kusoma.